Tembe la Kwihara: nyumba ya shamba iliyobaki na jina la mgeni

Kusini-magharibi ya Tabora mjini, umbali usiofika kilomita kumi, kuna nyumba ya udongo yenye rangi nyekundu iliyofifia, mlango wa mbao uliochongwa kwa mtindo wa pwani, na paa bapa. Watalii wanaokwenda pale huenda kwa sababu ya Livingstone. Lakini mtu aliyekulia Nakwa, au popote pale chini ya mlima Kwaraa hapa Babati, akifika Kwihara jambo la kwanza atakaloliona ni lile paa. Hilo paa tunalijua. Ni tembe. Wagorowa walijenga tembe, Wairaqw wakajenga (mengine yakiwa yamezama nusu ardhini, ili wavamizi wa mifugo wasiyaone kirahisi), Warangi wakajenga, Wagogo ndio usiseme. Sasa imekuwaje tembe moja likawa kumbukumbu ya taifa yenye mlinzi na kitabu cha wageni, na mengine yote yakawa ni nyumba za bibi zinazosubiri mabati?

Tuanze na kwa nini nyumba hii ilikuwepo kabisa.

Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, mahali ambapo leo tunapaita Tabora, ilikuwa Novemba 1857. Hawakukuta mji wa mitaa iliyobanana kama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Walikuta makazi yaliyotawanyika: tembe hapa, tembe kule, kila moja na bustani yake, zizi lake, ghala lake na vibanda vya watumwa na vibarua pembeni. Wenyeji wao, akiwemo Snay bin Amir aliyewapokea kwa ukarimu, walikuwa wafanyabiashara Waarabu waliotoka pwani kufuata pembe za ndovu na watumwa, wakaishi ndani ya Unyanyembe kwa ruhusa ya mtemi wa Kinyamwezi. Ruhusa hiyo ilikuwa na bei. Mtemi alitaka ushuru wake, na pale Mnywa Sere alipoudai kwa nguvu, Waarabu walimtoa na kumweka Mkasiwa badala yake. Speke alipopita tena mwaka 1861 alikutana na Mnywa Sere akiwa anatangatanga na wapiganaji wake, mtemi asiye na utemi.

Kwihara lilikuwa bonde la kukaa watu wakubwa, nje kidogo ya Kazeh. Liwali wa Sultani wa Zanzibar, Said bin Salim, alikuwa na makao yake huko. Huyu si mgeni kwa wanaosoma historia ya safari hizi: ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara wa Burton na Speke mwaka 1857. Kwa hiyo tukisema tembe la Kwihara lilikuwa nyumba ya shamba, tunamaanisha kile kile ambacho tajiri wa Paris au Lyon wa zama hizo angekielewa: nyumba ya kukaa mbali kidogo na vurugu za soko, yenye miti ya matunda, ua wa ndani, na nafasi ya kupokea wageni. Tofauti ni kwamba huku nyumba ya mapumziko ilikuwa pia bohari. Vitambaa, shanga, waya za shaba na pembe vililala chumba cha pili kutoka kwa mwenye nyumba, na mlango mzito haukuwekwa kwa urembo tu.

Mwaka unaotajwa kwa wageni kuwa ndio wa kujengwa kwake ni 1857. Ushike huo mwaka, tutauhitaji mbele.

Kitu kinachonivutia zaidi ni kwamba nyumba hii ni ndoa. Mpango wake ni wa pwani: baraza mbele pa kukaa na kunywa kahawa, ukumbi, vyumba vilivyozunguka ua, mlango wa kuchonga. Mwili wake ni wa bara: nguzo za miti zilizosimikwa ardhini, boriti juu yake, fito zilizopangwa karibu karibu, nyasi au magome, halafu udongo uliokanyagwa. Mzanzibari mwenye uwezo angejenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Tabora hakuna matumbawe. Kuna udongo, kuna miti ya miombo, ukiwemo mninga, na kuna watu ambao wamekuwa wakijenga hivyo tangu zamani. Vitabu vya wasafiri vinatupa jina la liwali na majina ya wageni wake Wazungu. Waliochimba, waliobeba maji na kukanyaga udongo, wengi wao bila shaka watumwa na vibarua wa Kinyamwezi, hawamo.

Hapa niingize fizikia kidogo, maana watu husema nyumba ya udongo ina ubaridi kana kwamba ni uchawi. Si kwamba ina ubaridi, ina uchelewaji. Joto la jua linapoupiga ukuta, halipiti mara moja. Linaupasha udongo tabaka kwa tabaka, na kila tabaka linabaki na sehemu yake. Kwa ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30, kilele cha joto la nje huchukua kama saa 10 hadi 11 kufika upande wa ndani. Yaani joto kali la saa nane mchana linaingia chumbani saa sita au saa saba usiku, likiwa limepungua sana, na wakati huo wewe unatafuta blanketi. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, mchana ni moto na usiku unapoa, kwa hiyo huo uchelewaji ni faida tupu. Babati nako ni hivyo hivyo. Bati halina uchelewaji wowote: jua likitoka unaoka, jua likizama unaganda.

Lakini tembe lina maadui, na ni lazima tuwe wakweli juu yao. Udongo mkavu una uzito wa karibu kilo 1,700 kwa mita ya ujazo. Paa la sentimita 20 lina zaidi ya kilo 300 katika kila mita ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa nne, basi, kina tani nne za udongo juu ya kichwa chako, na mvua ikinyesha zinaongezeka. Uzito wote huo unashuka kwenye nguzo, na mguu wa nguzo umezikwa ardhini ambako mchwa wanakaa. Mchwa akila sentimita chache tu pale chini, paa linainama. Likiinama, maji yanatuama. Yakituama, uzito unaongezeka. Ndiyo maana wazee walikuwa wakipanda juu ya paa kabla ya masika kuziba nyufa na kuongeza udongo. Tembe halikujengwa limalizike. Lilijengwa litunzwe kila mwaka, na likiachwa misimu michache tu linarudi kuwa ardhi. Ugogoni mvua ni chache, lina nafuu. Tabora mvua ni nyingi zaidi, kazi ni kubwa zaidi.

Sasa wageni. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871, akakaribishwa na Said bin Salim na kupewa tembe la Kwihara akae na mizigo yake. Alikuwa anamtafuta Livingstone, lakini njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa amechoka na Waarabu kupita na kufanya biashara bila kumjali. Waarabu wakaenda kumpiga, Stanley akajiunga nao, wakashindwa vibaya. Mwezi Agosti Mirambo akaja Tabora yenyewe, akawaua watu akiwemo mfanyabiashara mashuhuri Khamis bin Abdullah, na kuchoma nyumba. Huko Kwihara Stanley aliamuru kuta zitobolewe matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Fikiria jambo hilo kiufundi: ukuta wa jiwe ungehitaji fundi na patasi, ukuta wa udongo unatobolewa kwa saa chache na unazibwa kwa siku moja. Mirambo hakulifikia tembe. Mwezi Septemba Stanley akaondoka kwa njia ya kuzunguka kusini, akamkuta Livingstone Ujiji.

Wote wawili wakarudi Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki, mzee mgonjwa asiye na wapagazi, akisubiri watu ambao Stanley ameahidi kuwatuma kutoka Zanzibar. Walifika Agosti, na tarehe 25 mwezi huo akaondoka nao. Ukijumlisha, alikaa kwenye tembe miezi sita na siku chache. Hiyo ndiyo sababu nzima ya jina.

Ila katika wiki zile kabla ya Machi kulitokea jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kukaa kwake. Stanley aliondoka amebeba daftari kubwa lililofungwa na kupigwa lakiri, ambalo watafiti leo wanaliita Jarida la Unyanyembe. Ndani yake Livingstone alikuwa amenakili maandishi yake ya safarini tangu 1866. Sehemu ya maandishi hayo ya awali ilikuwa ya mwaka 1871, alipokuwa Nyangwe kule Kongo ameishiwa karatasi na wino, akawa anaandika kwa wino wa matunda ya porini juu ya kurasa za gazeti kuukuu, mistari yake ikikatiza maandishi ya gazeti. Tarehe 15 Julai 1871 alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakifyatua bunduki kwenye soko la Nyangwe lililojaa wanawake. Makisio aliyopata ni kwamba waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, walikuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliongeza shinikizo, na Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Yale maandishi ya gazetini yalififia mpaka hayasomeki. Kuanzia 2010 timu ya wanasayansi na wanahistoria iliyaweka chini ya kamera maalumu zinazopiga picha ile ile kwa mwanga wa rangi tofauti, kuanzia urujuanimno hadi infraredi. Wino wa matunda na wino wa kiwandani wa gazeti havinyonyi mwanga kwa namna moja: kwenye rangi fulani kimoja kinapotea na kingine kinabaki. Kompyuta inachanganya picha hizo, na mwandiko unatoka. Walipolinganisha na Jarida la Unyanyembe, ilionekana kwamba nakala safi haikuwa nakala tu. Kwenye nakala, mambo yanayohusu tabia mbaya ya watu aliokuwa nao Livingstone mwenyewe yamepunguzwa makali. Kwa hiyo hati iliyotoka kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa ikasaidia kufunga soko la watumwa, na hati hiyo hiyo ilikuwa imehaririwa. Makumbusho yakitaka kisa cha kumweleza mwanafunzi wa kidato cha nne, kisa ni hiki, si kitanda alicholalia mtu.

Nyumba ilipata mgeni wa mwisho wa kisa hiki mwaka 1873. Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la maji la Uingereza alikuwa Kwihara na wenzake wawili, wote hoi kwa homa, waliotumwa kumsaidia Livingstone. Oktoba akaja Chuma na barua: Livingstone amefariki tangu Mei, kijijini kwa Chitambo, na Susi, Chuma na wenzao wanauleta mwili. Walikuwa wameuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, na kuubeba. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo Unyanyembe. Wakakataa. Akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa safari yake mwenyewe. Wao wakachukua mwili na kuendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kutoka kwa Chitambo hadi pwani ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Mimi nikiulizwa nani walikuwa wapangaji muhimu wa nyumba ile, nitawataja hao wawili kwanza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mirambo alikufa 1884. Wajerumani wakaja, Januari 1893 ngome ya mtemi Isike ilipozidiwa, yeye mwenyewe alilipua baruti aliyokuwa nayo. Reli ya kati ikafika Tabora 1912, na Kigoma 1914, na hakuna tena aliyehitaji tembe la kupumzishia msafara. Nyumba za udongo zisizo na kazi hazikai. Tembe la Kwihara lilibomoka, na unachokiona leo kwa sehemu kubwa kilijengwa upya katika karne ya 20.

Ndipo sheria inapoingia, na hapa pana utamu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya mwaka 1964, ikafanyiwa marekebisho 1979. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja. Kama 1857 ni sahihi, tembe liliingia kwa tofauti ya miaka sita tu. Kisha kuna kifungu kingine ambacho watu wachache wanakijua: milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 nazo zinalindwa. Kwa hiyo mlango una miaka mingi zaidi ya nafasi kuliko ukuta unaoushikilia.

Ufaransa, ambako nyumba za mashambani za matajiri wa karne ya 19 zinalindwa kwa sheria ya kumbukumbu za kihistoria ya mwaka 1913, swali kubwa huwa ni kama jiwe lililopo ndilo lile lile. Mkataba wa Venice, ambao wataalamu wa hifadhi waliupitisha mwaka ule ule wa 1964, unasisitiza mno vifaa vya asili na hautaki majengo yajengwe upya. Kwa jiwe inaleta maana. Kwa tembe ni kama kumwambia mtu akale chakula kile kile alichokula mwaka jana. Japani, hekalu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na hakuna anayesema ni feki. Msikiti wa Djenné kule Mali, ambao jengo lake la sasa ni la 1907, hupigwa udongo mpya kila mwaka na mji mzima. Mwaka 1994 wataalamu walikutana Nara, Japani, wakakubali kwamba uhalisi unaweza kukaa pia kwenye ufundi na matumizi, si kwenye vifaa tu. Kwa kipimo cha Venice, tembe la Kwihara ni nakala. Kwa kipimo cha Nara swali linabadilika: je, kuna mtu pale anayejua bado kuchagua miti, kupanga fito na kuchanganya udongo? Kama yupo, nyumba ni halisi. Akiisha, hata ukuta uwe wa 1857 umebaki ganda.

Tangu 2006 Kwihara imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania UNESCO, kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Nadhani huo ni usajili bora kuliko jina la Livingstone, kwa sababu unaiweka nyumba mahali pake: kituo kimoja kwenye barabara ambayo maelfu waliitembea wamefungwa au wamebeba.

Turudi Babati. Matembe yetu hayakupigwa na Mirambo wala na reli. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu kwenye mahame yao, na nyumba iliyoachwa bila mtu wa kupanda juu kabla ya masika ilikuwa imeshahukumiwa. Waliojenga upya walijenga kwa matofali na bati, maana ndiyo iliitwa nyumba bora, na usiwalaumu: bati linakusanya maji, halihitaji kukarabatiwa kila mwaka, na tani nne za udongo kichwani si jambo la kutamani. Tembe la hapa lililojengwa, tuseme, 1950, sheria hailioni mpaka Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Hilo linawezekana kisheria. Ila kabla ya kutangaza kitu lazima mtu apeleke vipimo, picha na historia yake, na kazi hiyo haihitaji shahada ya uzamili. Inahitaji futi kamba, simu yenye kamera, na mchana mmoja wa kukaa na mzee aliyewahi kupanda juu ya paa, umuulize fito zilikuwa za mti gani, udongo ulichimbwa wapi, na mavi ya ng'ombe yaliwekwa kwa kiasi gani.